Jina ya Mabukwe ku Bariyeri

Mabukwe,

Nakuamukia toka mbali, uso ku ukuta, kama siku zote. Ni Faida njo anaandika. Minye sikusomaka, unajua, nilikuwa na akili mingi sana, mwalimu akaniogopa. Basi minye nasema, Faida anaandika, sawa vile zamani: neno yangu ilikuwa inapita kwa Faida, Faida anakuletea kule jikoni. Hata sasa, weye uko mu udongo ya Kiringye, na minye niko hapa Songo, mu Uvira, na meno ya kuhurumia, sijapata uso ya kukusemesha moja kwa moja. Faida, ambia Koko yako, mama ya mama yako: papa yako iko muzima, angali mwanaume muzuri kuliko bote mu avenue yetu, na iko na neno ya kumuambia.

Faida anacheka. Anasema, papa, hiyo ya uzuri siandike. Andika.

Habari kwanza. Ile rido, ile pazia nilifunga katikati ya nyumba, nilishaitoa. Mama Faida, binti yako, aliikata akafanya nguo ya meza, na mafuta ya mboga imeishaifundisha adabu. Lakini minye nikifika ku mulango ya jikoni, nakohoa kwanza, kisha nasubiri kidogo. Mama Faida ananiangalia. "Unamukoholea nani? Mama alishakwenda." Namuambia ni kifua. Anaacha.

Ziwa ilipanda. Ilikula manyumba mingi ya chini, ikaweka samaki fasi bantu balikuwa banalala. Viboko banatembea mu barabara mangaribi kama bantu ba kulipwa muzuri. Vita nayo iko. Inabadilisha jina, inabadilisha nguo, lakini iko. Sitakuchosha na hiyo. Huko unapokea benye banatoka huku kila siku, batakueleza vizuri kuliko minye.

Sasa Faida amesimamisha kalamu. Anasema nieleze kwanza mambo ya mukwe na mabukwe, juu mutoto wake akikua atasoma hii barua na hatasikia kitu. Basi sikiliza, mutoto. Kwetu mwanaume na mama ya bibi yake wa ndoa habaangaliane mu macho. Habakule pamoja, habapeane mukono. Na jina ya mabukwe haipite mu mudomo ya mukwe, hata siku moja. Kama hiyo jina ni jina ya kitu, ile kitu nayo utaitafutia jina ingine. Ni heshima. Haina sababu ingine, na haiombe.

Na weye, Mabukwe, wazazi bako, mu majina yote ya dunia, bakakupatia ya ndege! Ile ndege nyeupe yenye inatembeaka nyuma ya ngombe. Habakufikiria mukwe. Ingekuwa chui, ningekutana naye wapi? Lakini ile ndege iko mu bonde yote ya Ruzizi, inasimama mu kila shamba, inaniangalia, inangoja niikosee.

Tungeishi vile muzuri, weye Kiringye, minye Uvira, na ngombe katikati. Lakini vita ya pili ikafika kwenu, nyumba yako ikaungua, na karte yako ya kitambulisho ikaungua ndani yake. Ukakuja kwangu na kikwembe moja na sufuria. Mabukwe kulala mu nyumba ya mukwe! Bazee ba zamani bangeanguka chini. Nikafunga rido. Weye upande ya jikoni, minye upande ya mulango. Nakohoa kuingia, nakohoa kutoka, mpaka majirani bakaanza kusema kama niko na kifua kikuu, na wa pembeni akakataa kukunywa ku kikombe yetu.

Njo vakanse, likizo ya masomo, ikafika. Faida na Bahati, mudogo wake, balikuwa bameandika mitihani, na minye na mudomo yangu nilibaahidi: mukipita bote babili, tunaenda Bujumbura siku muzima, mutaona mamba, mutakula kreme ya baridi. Nilisema vile juu nilijua Bahati ataanguka. Ile mutoto akapita. Mpaka leo siamini mwalimu yake.

Mama Faida alikuwa na mimba kubwa, miguu yake imevimba. Akasema: "Peleka bote, hata mama. Nyumba ipumuke."

Nikasema: mama? Minye na yeye, njia moja?

"Bujumbura ni kubwa. Mutatembea mbali-mbali."

Weye ulizaliwa ku Ruzizi, Kirundi njo lugha yako, maisha yote unaona Burundi ng'ambo kule, na hujavuka hata siku moja. Faida alikuja kuniambia: "Papa, Koko anasema kama ni shida, atabaki." Lakini alisema ulikuwa umeishavaa ile kikwembe ya misa. Ningefanya nini?

Asubui, ku bariyeri yetu ya mupaka, askari alikuwa muntu wa kukula ndagala yangu, ile samaki kidogo ya ziwa. Minye nilikuwa muuzaji ya ndagala mukubwa. Faida, andika mukubwa. Akasema: "Pita, mzee, na kabila yako yote." Karte hakuuliza. Ng'ambo nako tukapita. Mu taksi nilikaa mbele na shofa, weye nyuma na batoto, kama inafaa.

Kufika mu nyasi ya Gatumba, ngombe. Na nyuma ya ngombe, unajua nani. Mingi! Bahati akauliza: "Papa, ile ndege nyeupe ni ndege gani?"

Nikamuambia: "Ni kuku ya ngombe."

Shofa akacheka mpaka gari ikaenda kuangalia mufereji. "Kuku ya ngombe! Mzee, ile si inaitwa..." na minye nikapiga kikohozi kubwa, ya kuua muntu, kufunika ile neno. Kisha nikasikia nyuma yangu weye nawe unakohoa. Ile kikohozi haikukuwa ya kifua, Mabukwe. Ilikuwa ya kucheka. Minye nahesabiaka ile kama mara ya kwanza tulisemezana.

Mamba ya Bujumbura tuliikuta inalala na mudomo wazi kama mukubwa wa ofisi saa ya mchana. Nikabaeleza batoto kama mu ujana wangu nilikamata mamba mukubwa kupita ile, nikaivuta ku mukia mpaka ikalia. Weye ukainama ku sikio ya Faida. Faida akakuja mbio: "Papa, Koko anauliza, mamba ililia mu Kifuliiru ya kwenu ao mu Kiswahili?"

Batoto bakaanguka chini na kucheka. Hata muchungaji ya mamba. Tangu siku ile nilijua mu hii nyumba tuko babili ba kuchekesha bantu, lakini desturi ilikuwa imekufunga weye mudomo, juu bantu bangekusikia, ningekosa kazi.

Na ile kreme. Nilinunua ya bote, hata yako, Faida akakuletea. Lakini utaikula namuna gani, mukwe iko pale? Ingekuwa bugali, ungeifunika, ungekula kesho. Ile kitu haingoje. Ukageuka kuangalia duka. Minye nikageuka kuangalia barabara. Migongo yetu ikasimama vile mu jua, kila muntu na kreme yake, na mbele ya watu ba Bujumbura, bantu ba maana, benye banavaa soksi. Nikasikia sauti yako: "Faida, ambia papa yako aende kuangalia kama ziwa ingali pale." Nikaenda. Kurudi nikakuta mukono yako imelowa mpaka ku kiwiko na kreme hakuna. Kama ulikula ao iliyeyuka, ni Faida anajua, na amekataa kuandika.

Sasa nafika ku fasi yenye sipendi, lakini nitapita mbio.

Kurudi, jua ilikuwa inagusa milima ya Uvira. Ku bariyeri yetu baaskari balikuwa bamebadilishwa. Yule wa ndagala hakukuwa. Tulikuta bengine, bote ba mbali, juu mchana risasi ilipigwa mu Ruzizi, na ilisemwa kama kuko bantu banavuka kutoka Burundi, banajifanya ni raia, banachukua batoto ba bengine mu mukono ili baonekane familia. Shefu yao alikuwa kijana murefu, Kiswahili yake imechanganyika na Lingala. Akaomba makarte. Nikatoa yangu. Yako hakuna. Akakuuliza unatoka wapi, na weye ukamujibu mu Kirundi.

Ni pale.

Akakupeleka pembeni, nyuma ya magunia ya mchanga, akakuuliza jina. Kiswahili ulikuwa unasikia, ukamuambia. Akakuacha pale na askari moja, akarudi kwangu.

"Huyu mumama, unamujua?"

"Ni mama ya bibi yangu."

"Muzuri. Ameshatupatia jina yake. Sasa weye sema. Ikipatana na ile alisema, munaenda kwenu. Isipopatana, yeye analala mu kasho, mu gereza yetu, na weye tutaona."

Ile kasho ya ku bariyeri, ile mwaka, bantu baliingia. Siseme zaidi. Weye ulijua, minye nilijua, hata Faida na miaka yake kidogo alijua, juu alishika suruali yangu.

Na mudomo yangu, Mabukwe. Mudomo yenye inauza ndagala ya juzi kama ya leo. Mudomo yenye kiboko ya Kavimvira ilisikia ikarudi mu maji kuomba musamaha. Ikafunga. Nilikuwa na jina yako pale nyuma ya meno, ilikuwa inanisukuma, lakini haikutoka. Haikukuwa kama nimekataa. Ile mulango haijafunguliwa hata siku moja, sikujua ufunguo iko wapi.

"Anaitwa Mama ya Mama Faida," nikasema.

"Jina!"

Akauliza Bahati: "Weye, koko yako anaitwa nani?" Bahati akasema: "Koko." Akauliza Faida. Faida akasema: "Koko wa Kiringye." Mama Faida peke njo angeweza kusema, na alikuwa Songo na mimba yake, amelala, nyumba inapumuka.

Nikamueleza shefu desturi. Akasema: "Kwetu mama ya bibi tunamuitaka jina, na tunamuomba bia." Bengine bakacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikawaza. Nikasema: shefu, hii jina haipite mu mudomo, lakini iko na miguu. Angalia. Nikamuambia Bahati: kuwa ngombe. Bahati, Mungu amubariki, hakuuliza kitu, akashika chini mikono na magoti akaanza kulia muuu. Na minye, mwanaume mukubwa, nikaingiza mikono mu mbavu, nikanyoosha shingo, nikaanza kutembea nyuma ya ile ngombe yangu. Naweka muguu, nangoja. Naweka muguu, nangoja. Nadonoa udongo. Mbele ya bunduki zote zile.

"Bata!" moja akasema.

"Kuku!"

"Ni mulevi huyu!"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha shati yangu kama ni nyeupe, nikarudilia. Baaskari babili balikuwa banafuta machozi ya kucheka. Nikafikiri tumeshinda. Lakini shefu akasema polepole: "Yule mama hakusema bata, hakusema kuku." Akageuka. "Mumupeleke."

Ile saa ukasimama. Hukungoja muntu akushike. Ukatoka nyuma ya magunia, ukamupita askari, ukapita desturi ya babu zetu bote, ukakuja mpaka mbele yangu, ukaniangalia mu macho. Sikukuwa najua kama macho yako iko na rangi ya asali. Ukanishika mukono hapa, ku kifundo. Mukono yako ilikuwa kavu, na ilikuwa ingali inanata ile kreme.

"Vuga, mwana wanje."

Sema, mwana wangu.

Nikasema. Niliangalia chini, lakini nilisema, na sauti, mpaka ku muntu wa mwisho ku mustari.

Shefu akanirudishia karte yangu. "Ni yenyewe," akasema. Kisha akaniangalia kama muntu wa kuuziwa ndagala ya juzi. "Kumbe ni hiyo tu? Kajina kafupi vile?"

Tukaenda. Njiani ukabaki nyuma na Faida, minye mbele na Bahati, mbali kama inafaa. Bahati alikuwa angali ngombe, muuu mpaka nyumbani. Kesho yake nikatafuta kuku, juu mukwe mwenye amefungua ile jina anapaswa kuifunga tena na kitu. Nikamutuma Faida nayo jikoni. Akarudi na jibu: "Koko anasema, asante, lakini kuku ni kidogo. Anauliza kama ni ya ngombe."

Tukaendelea na rido yetu. Hukunishika tena mukono, sikukuangalia tena mu macho. Ulirudi Kiringye risasi ilipopungua, ukalima, ukazeeka, ukakufa ku kitanda yako, na hiyo peke kwa hii inchi ni ushindi. Siku ya kukuzika nilisimama nyuma ya migomba, mbali kupita wakwe bote. Nani atasema sijakuheshimu?

Ile masolo, ile hadisi ya bariyeri, naielezaka hapa Songo, usifikiri ninainyima bantu. Lakini baaskari bamezaana. Zamani balikuwa bane, sasa bamejaza kamyo, lori muzima, na nasikia mwaka kesho batakuja na kifaru ya vita. Mu ile ninaeleza, baaskari bote bananisindikiza mpaka nyumbani. Ungekuwepo, ungekohoa. Fasi ya mukono siielezake. Ile iko yetu babili, na Faida sasa, ataiandika halafu atafunga mudomo.

Basi neno yangu ni hii.

Mwaka yenye ilifuata kufa kwako, Faida alizaa binti, na bakaketi, habakuniuliza, bakamupatia jina yako. Jina yako! Mu nyumba yangu! Nikafanya namuna gani? Nikamuita Kuku ya Ngombe. Alikubali, mutoto haiko na roho mbaya. Shida ni moja: anajua ni muchezo. Nikiita "Kuku ya Ngombe!", anacheka, anakimbia upande ingine, anataka nimufuate.

Juma ilipita nilikwenda naye chini kuangalia ndagala inatoka. Sasa maji iko karibu, sikukuambia? Nikasemezana kidogo na bavuvi, juu ya ile kiboko yangu ya Kavimvira. Kugeuka, mutoto hayuko ku muguu yangu. Iko pale mbele, maji imefika ku magoti, anatembea. Na mbele yake, haiko mbali, masikio mbili na pua inapumua.

Nikaita: "Kuku ya Ngombe!" Akacheka. Akaingia mbele.

Sikuomba ruhusa, Mabukwe. Ile ulinipatia ilikuwa ya siku moja na ilikwisha. Nikaita jina yako. Nikaipiga na sauti yote yenye Mungu alinipatia, bavuvi bote bakageuka, nasikia hata ku soko balisikia. Na mutoto akageuka. Pale pale. Akasimama, akaniangalia na uso ya muntu mwenye ameitwa kweli. Nikamufikia, nikamutoa. Ile kiboko ikapumua, ikazama. Shauri yake.

Mpaka mangaribi sikumushusha ku mugongo. Niliambia bantu anasikia baridi ya maji.

Kuku nilinunua. Munene, usilalamike. Sasa nimupatie nani? Mama Faida akasema: mupatie mwenye jina. Tukamupikia. Alikaa mbele yangu, akashika paja, akakula na kuniangalia mu macho, mafuta inashuka, hana haya hata kidogo. Nikasema moyoni, angalau moja mu hii jamaa amekula mbele yangu.

Nakuaga, Mabukwe. Nakuaga toka hapa mulangoni, sitakaribia. Nakuahidi hivi, na Faida anaandika polepole ili isipotee: mu nyumba, mu barabara, ku soko, jina yako haitapita mu mudomo yangu mpaka nife. Ataendelea kuwa kuku ya ngombe, na atacheka. Lakini pembeni ya maji, nitaita yake ya kweli. Nitaita kila mara, hata ng'ambo isikie.

Basi ukisikia jina yako inapigwa kule ku ziwa, na ni sauti yangu, usishituke. Usiamuke. Usiitike. Haiko weye naita.

Mukwe wako wa Songo